Kakao Juu ya Sakafu ya Mjomba Gwamaka

Mjomba Gwamaka amekoroga zege la watu wengine miaka ishirini na mbili. Magoti yake ni meusi na magumu kama soli, na vidole vimepasuka kwa saruji hadi chumvi ya mboga inamchoma. Lakini mwiko wa kumalizia hakuwahi kuachiwa. Mafundi wakubwa walikuja mwishoni, wakapiga niru, ile saruji laini ya juu, sakafu ikang'aa, wakachukua sifa.

Sakafu ya banda la gari la Yasini, mnunuzi wa kakao pale Mbugani, ndiyo ya kwanza kuwa yake kuanzia kifusi mpaka niru. Na Jumamosi Mzee Ambwene, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kanisa letu Ipyana, angekuja kuiangalia. Ikimpendeza, sakafu ya kanisa ni ya mjomba.

Aliimwaga Jumatatu. Alishindilia kifusi, akatandika nailoni, maana Mbugani ukichimba kidogo tu unakuta maji. Akamwaga zege, akalivuta kwa mbao ndefu, liinamie mlangoni kidogo ili maji ya kuoshea gari yatoke yenyewe. Jioni akapiga niru kwa magoti, akirudi nyumanyuma. Kesho yake akaifunika kwa majani ya migomba yaliyolowa.

"Bosi," alimwambia Yasini, "siku saba isikanyagwe. Imwagiwe maji asubuhi na jioni."

"Fundi, unaniachia sakafu au mtoto mchanga?"

"Vyote viwili."

Jumatano mimi na mjomba tulikwenda msibani Ipinda, tukalala huko. Mvua ilinyesha siku mbili. Ijumaa asubuhi tuliporudi, harufu ilitupokea barabarani. Majani ya migomba yalikuwa yametupwa uani, yamebaki ya kona moja tu. Kwingine kote ilikuwa imemwagwa kakao mbichi inayochacha. Inateleza kama kamasi, inatoa maji ya kahawia, na inzi wamejaa mpaka unadhani inatembea. Kuku alikuwa anajisaidia katikati.

"Mvua, fundi," Yasini alisema, mswaki mdomoni. "Mikeka ya kuanikia nje ilikuwa inaelea. Mzee Ambwene kaleta magunia yake matano, akasema humu pakavu, panafaa. Sasa mimi nimkatalie mzee?"

Tuliizoa kwa koleo. Maji ya kakao ni makali kama siki, na saruji ya siku nne bado changa. Chini, niru ilikuwa imeliwa, ina vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Ukipitisha ukucha unatoka na unga.

Jumamosi Mzee Ambwene akafika, suruali imepigwa pasi.

"Ugonile, mwanangu Gwamaka." Akakwaruza sakafu kwa kisigino. "Hii ni sakafu au ukoko wa ugali?"

Yasini akacheka. Yasini aliyekuwa anajua kila kitu.

"Ni kakao, mzee," mjomba alisema taratibu. "Maji yake yanakula saruji changa."

"Kakao naishika tangu mtoto, mbona mikono ninayo?"

Mjomba akampeleka kwenye ile kona, akafunua majani. Pale sakafu iling'aa, nyeusi, laini, unajiona meno. Mzee aliinama, akapitisha kiganja mara mbili. Alikuwa ameelewa. Kisha akakifuta kiganja kwenye kitambaa chake, kana kwamba mchafu ni mjomba.

"Tutachukua fundi wa Mbeya," alisema. "Kamati haitaki maneno."

Kabla hajatoka akamwuliza Yasini kama kakao yake imekauka vizuri.

"Ndaga, mzee," mjomba akasema. Alimshukuru. Mimi nilitema mate chini, nikayafukia kwa kidole cha mguu.

Jumatatu mjomba alirudi na nyundo na patasi, bila kuitwa. "Siachi kitu kama hiki kiitwe changu," aliniambia. Alibandua niru yote, akaacha kona ile. Yasini alitoa saruji baada ya kuombwa mara tatu, uso umekunjamana kama ndiye aliyeonewa.

Niru mpya ilipomalizika, mawingu yalikuwa yameshafunga. Mzee Ambwene akatokea anasukuma baiskeli, juu yake gunia linavuja maji ya kahawia. Mjomba alisimama mlangoni, koleo mkononi, akaujaza mlango wote.

Mzee akaangalia koleo. Akamsalimia, akapitiliza na gunia lake, mvua ikianza kunyesha.