Siku Nilipomtuza Haramia

Jamani, huku Marekani, mtaa wa Wheaton sipiti tena bila miwani ya jua. Kathleen, mwenzangu wa kazi ya kuhudumia wazee, alinialika kwenye mchezo wa mtaani kwao kuhusu mwanamke haramia wa Ireland ya zamani. Alisema yumo. Sikuuliza yumo kama nani. Aliyenishikia zamu nilipofiwa na mama atakuwa nani kama si haramia mwenyewe? Nikaapa kumtuza kama tunavyotuza kwetu Tanga.

Haramia akatokea, mrefu kama Kathleen, nywele nyekundu zimemfunika uso. Akasimama mbele ya Malkia wa Uingereza, akakataa kupiga goti. Nikainuka.

"Mom, sit down!" binti yangu akanivuta gauni.

Wapi! Nikapanda jukwaani kwa kigelegele, nikicheza, nikamvika haramia kanga mpya na kumbandika noti kwenye paji la uso.

"Samahani," akaninong'oneza, "tunafahamiana?"

Nyuma yake, watu walikuwa wakitikisa kitambaa cha buluu, ndiyo bahari. Kichwa kikachomoza katikati.

"Mama Zawadi!" Kathleen akaita. "Niko huku! Mimi ni wimbi!"