Boya Jekundu na Ubao wa Macho

Mume wangu alikuwa rubani wa bandari kwa miaka ishirini na minane. Kazi yake ilikuwa kuzipanda meli za kigeni huko nje baharini na kuziingiza gatini, maana manahodha wa meli hizo hawakuijua miamba yetu. Kila alfajiri alipiga pasi shati lake mwenyewe. Pombe hakunywa. Ninalisema hili mwanzoni kwa sababu mji mzima unaamini vingine.

Meli aliyoipandisha mwambani ingali pale. Ilibeba vigae, hakufa mtu, na leo ni kivutio. Wageni huonyeshwa ngome, mnara wa saa na ghala kuukuu lililogeuzwa makumbusho, kisha hupandishwa boti kwenda kuitazama ikiwa imelala ubavu, kutu tupu. Miaka kumi na tisa sikwenda. Hata sokoni nilipita njia ya nyuma nisiione.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alirudi kutoka ziara ya shule. Alivua viatu mlangoni, akauliza, "Bibi, kumbe babu alikuwa mlevi?"

"Nani kasema?"

"Yule mtembeza wageni. Darasa zima lilicheka. Na mimi nikacheka, wasije wakajua ni babu yangu."

Nilimpakulia chakula. Sikuhisi kitu. Kesho yake nilivaa gauni langu la vikao, nikakata tiketi kama mgeni yeyote.

Mtembeza wageni ni kijana mnene mwenye sauti kubwa. Wenzake humwita Profesa. Tulipofika karibu na meli alizima injini.

"Haya, simu tayari! Meli hii ndiye ajuza wetu, kakaa tangu siku ile hajanyanyuka! Asubuhi kweupe, bahari shwari, boya jekundu kubwa kama tumbo langu. Rubani akalipita upande wa mwamba. Kwa nini, jamani?"

Akainua mkono kana kwamba ameshika chupa, akapiga mafunda matatu. Boti nzima ikacheka.

"Hakuwa mlevi," nilisema.

"Mama yangu, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa mke wake."

Kicheko kilikatika. Profesa alivua kofia. "Nisamehe, mama. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na walionitangulia." Kisha, kwa upole, "Lakini watu wataniuliza. Kama si pombe, ilikuwa nini?"

Nilikuwa na jibu. Nililikalia miaka yote hiyo kama mtu anavyokalia kiti.

Macho yake yalianza kufifia miaka minne kabla ya ajali. Kila mwaka daktari wa bandari aliwapima marubani kwa ubao wa herufi, ule unaoanza na herufi kubwa na kuishia na herufi ndogo kama vijidudu. Ubao ulikuwa uleule kila mwaka, na mimi, mwalimu mkuu, nilikuwa na kama huo ofisini kwa ajili ya wanafunzi. Nikaubeba nyumbani, nikauning'iniza juu ya kabati la vyombo.

"Mstari wa sita," nilisema.

"Mwalimu, usinichape," mume wangu alitania. Kisha akautaja wote, mgongo umeelekea ubao.

Alifaulu miaka minne mfululizo. Nilijivunia, kama nilivyojivunia mwanafunzi yeyote.

Baada ya ajali alistaafishwa mapema, na habari ya pombe ikaanza. Nilimwambia tuikanushe. Alikuwa kakaa kitandani, anapapasa sakafu kutafuta kandambili zilizokuwa mbele yake. "Waache," alisema. "Ulevi ni wangu peke yangu. Hilo lingine ni la wawili, na wewe una shule." Tukaacha. Nilistaafu kwa hotuba na saa ya ukutani. Yeye alizikwa na jina la mlevi, na mimi nikapokea pole za watu nikiwa nimenyoosha shingo.

Maji yaligonga ubavu wa boti. Mama mmoja alimfunga mtoto wake kamba ya jaketi la kuokolea.

"Hakuwa akiona," nilimwambia Profesa. "Nami nilijua. Mimi ndiye niliyemkaririsha herufi za daktari."

Nilieleza yote, kwa sauti ya darasani, ili na wa nyuma wasikie. Hakuna aliyecheka. Nilidhani nitalia au nitatetemeka. Nilihisi tu ubao wa kiti, mgumu.

"Ndivyo niwaambie watu, mama?"

"Ndivyo."

"Na mwalimu mkuu? Naye nimtaje?"

Watoto wangu watatu wanaishi mjini humu kwa heshima ya cheo hicho.

"Mtaje."

Aliwasha injini.

Nimekata tiketi mbili za Jumamosi ijayo. Mjukuu wangu atakaa mbele, Profesa atasimulia, na wakigeuka kututazama, nimemwambia asiinamishe kichwa.