Mbio Nilizosimama Kuamkia

Kila anayenijua ameshanicheka kwa mbio zile, na mpaka leo sijutii hatua hata moja.

Miaka ile ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya, nilikuwa karani gatini Mbaraki. Jioni nikisomesha chuo cha Kurani mtaani kwetu Kuze, Mji wa Kale, nikikaa mahali pale pale alipokuwa akikaa marehemu babangu. Mwenye chuo alikuwa ami yangu, nduguye babangu. Zilipotangazwa mbio za kuzunguka kisiwa, maili kumi na tatu, kwa yeyote mwenye miguu, nilijiandikisha siku ile ile. Nilikuwa sijawahi kushindana na mtu. Nilipenda kukimbia tu, na kupenda kulinitosha.

Ami alipopata habari aliniita barazani kwake.

"Wewe wenda mbio ndiani, magoti nde wazi, kisha waja kusomesha wana wa watu? Mwalimu hawapiti wakubwa wake kama asiyewaona. Ukenda Jumapili, Jumatatu chuoni usije."

Nilimwitikia kwa heshima, nikaenda kumwomba mamangu anishonee suruali ya merikani ivukayo magoti. Nilikuwa nimepandwa na hasira. Nafasi ya babangu ninyang'anywe kwa kosa gani?

Jumapili asubuhi tulianzia Mbaraki. Wenzangu walivaa bukta. Msimamizi aliitazama suruali yangu akaniuliza kama nimekuja kuvua kamba. Nilikimbia kando ya bandari, nikapita Makupa, nikazungukia Tudor, maji yakionekana ya kijani baina ya minazi, na kifua changu kimefunguka. Nilipoingia Mji wa Kale nilikuwa wa tano, na mimi mwenyewe siamini.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwetu Kuze mtu hapiti baraza yenye wakubwa akanyamaza, na asubuhi ile baraza zote zilikuwa zimejaa watu na vikombe vya kahawa. Wanne wa mbele walipita kimya. Mimi niliacha mbio kila baraza, nikatoa salamu, nikangoja nijibiwe. Mzee mmoja alitaka kujua hali ya mamangu, kisha ya shangazi, kisha ya jino la shangazi. Nilimweleza yote, jasho likinitiririka, huku watu wananipita.

Kwa ami nilisimama kabisa. Niliinama, nikambusu mkono.

"Sabalkheri, ami."

Aliitikia, maana salamu haiachwi bila jibu, na majirani wote walisikia. Nikaondoka mbio.

Nilifika Marikiti, mwisho wa mbio, wa ishirini na kitu, wachukuzi wamekaa juu ya magunia ya viazi wakinipigia makofi ya kejeli. Nilipunga mkono kama niliyeshinda.

Jumatatu nilipotoka kazini nilikwenda chuoni moja kwa moja, nikakaa pangu. Watoto wakafungua juzuu zao. Ami akaingia, akasimama mlangoni.

"Nlikwambia usije."

"Naam, ami, na nimekuja. Nambia ni mkubwa gani nliyempita nisimwamkie, niondoke sasa hivi."

Watoto waliacha kusoma. Kisha ami akavua makubadhi, akakaa mkekani upande wa pili, akamwita mtoto wa kwanza. Ruhusa hakunipa, na mimi sikumwomba.