Gari letu la Kikorea, waranti yake, na stoo ya mahindi Kiminini

Salaam kwenu wakuu.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Nitayaandika yalivyotokea, hata pale ambapo sionekani vizuri.

Kwa karibu wiki tatu sikulala vizuri kwa sababu ya swali moja. Je, gari tulilonunua ni bovu, au ni mimi niliyempotosha baba?

Mjue kwanza mimi ni mtu wa kuwaza. Mtu akinitumia ujumbe wa "nipigie", kabla simu haijaita nishazika watu wawili. Nilimaliza chuo, nikarudi nyumbani Kiminini kungoja kazi, na nafasi ya kuwaza ikaongezeka.

Baba ni mwalimu mstaafu. Mama figo zake zimechoka, kwa hiyo mara mbili kwa wiki lazima awekwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Kitale nafasi zilikuwa zimejaa, tukapata Bungoma. Akitoka huko huwa dhaifu, wakati mwingine anatapika. Kumpandisha magari ya abiria katika hali hiyo ni kumtesa. Ndiyo maana baba akaamua kununua gari.

Ukoo wote ulisema Mjapani. Mimi nikasema Mkorea.

Nilikuwa nimesoma kila kitu. Lile gari lilikuwa limetumika kidogo na wauzaji wenyewe, na bado lilikuwa na miaka mitatu ya waranti. Nilimsomea baba kile kitabu cha waranti mezani, ukurasa kwa ukurasa, yeye akiuliza maswali kama yuko darasani. Mwishoni akasema, "Haya. Kama imeandikwa, imeandikwa."

Miezi minane ya kwanza gari halikutupa shida yoyote. Hilo nalisema wazi kwa wale wanaodharau Wakorea bila kuwahi kuendesha hata moja.

Kisha asubuhi moja, tukiwa tumefika Matulo njiani kwenda Bungoma, taa ya injini ikawaka. Nikikanyaga mafuta, gari halisikii. Likawa linajikokota kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani. Malori yanatupita yakipiga honi. Mama alikuwa amejilaza kiti cha nyuma.

"Endesha tu pole pole, mama," akaniambia. Huku kwetu mzazi humwita binti yake mama.

Tulifika Bungoma tumechelewa. Walimpokea, lakini muda wake kwenye mashine ulipunguzwa kwa sababu wengine walikuwa wanangoja. Jioni miguu yake ilikuwa imevimba. Hakunilaumu. Ningeona nafuu kama angenilaumu.

Fundi wa hapa kwetu akafuta ile taa kwa skana. Siku nne baadaye ikarudi.

Sasa maneno yakaanza. Baba mdogo wangu, Simiyu, alikuja nyumbani akalizunguka lile gari mikono nyuma.

"Mwalimu, si tulikuambia? Sasa hiyo spea utaitoa wapi, Korea? Utaenda na mguu?"

"Liko na waranti," baba akajibu.

"Waranti ni karatasi, bana. Karatasi haipandi mlima." Akanigeukia. "Wewe msomi, ati kitabu kinasema nini leo?"

Simiyu akasema ana mtu wa Myanga anayeweza kulichukua hivyo hivyo, kwa bei ya kutupa, na angekuja Jumamosi kuliangalia. Baba akalitazama gari, kisha akasema, "Mwambie aje."

Hapo ndipo usingizi uliponiisha kabisa. Gari likiuzwa, mama anarudi kwenye magari ya abiria.

Jumanne nikalipeleka Kitale peke yangu, kwa fundi wa umeme wa magari anayeitwa Abdi. Gereji yake iko karibu na msikiti. Nilitaka kujua ukweli kabla ya kuwaendea mawakala wenye waranti.

Abdi alitoa kile kifuniko cha plastiki juu ya injini, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka alipoona uso wangu.

"Dadangu, njoo uone."

Chini ya kifuniko kulikuwa na nyuzi za gunia zilizochanwachanwa, punje za mahindi, na kipande cha gunzi. Kando yake, waya tatu zilikuwa zimetafunwa hadi shaba inaonekana.

"Hii gari haina ugonjwa," Abdi akasema. "Iko na wapangaji."

Wakuu, nilijua walikotoka.

Wale wa Trans-Nzoia, kaunti yetu ya mahindi, wataelewa. Baada ya kuvuna, kila mtu anaogopea mahindi yake. Nami nilikuwa naogopea mahindi na gari pia. Nikawaza wezi, nikawaza mvua ya mawe, nikasukuma magunia upande mmoja wa stoo na kuliingiza gari ndani. Kufuli moja, kila kitu salama. Baba alitaka tuliache uani. Mimi ndiye niliyeng'ang'ana mpaka akakubali. Dawa ya mahindi niliweka, lakini ile ni ya kuua wadudu. Panya haimhusu. Nilikuwa nimewapa chakula, na injini yenye joto ya kulalia, chini ya paa moja.

Abdi akanieleza njia mbili. Anaweza kuunga waya pale pale kwa siku hiyo. Au anisafishie uchafu wote, nilipeleke kwa mawakala na kusema taa imewaka yenyewe. "Wakiona, wameona. Wasipoona, waranti inalipa. Mimi sijui chochote."

Nikamwambia arudishe kifuniko bila kugusa kitu.

Kitabu nilikijua. Waranti haihusiki na uharibifu wa wanyama. Pia kilisema waya zikiungwa na fundi wa nje, waranti ya umeme inakufa. Kwa siku mbili nilizunguka na hayo kichwani. Nikisema ukweli, hawatatengeneza bure, na baba anaweza kuchoka kabisa aliuze. Nikinyamaza, baba atabaki akiamini nilimsomea uongo. Nikidanganya na nikashikwa, jina kwenye kadi ya gari ni lake, si langu. Amefundisha nusu ya Kiminini.

Sikuweza kumwambia baba nyumbani. Nilijaribu mara tatu, kila mara nikaishia kuzungumzia mambo mengine.

Ijumaa, siku moja kabla ya mtu wa Myanga kuja, nilimwomba baba tujaribu waranti kwanza, tukaenda wote wawili kwa mawakala, Kitale. Dada wa mapokezi akatupa fomu ya kueleza tatizo. Baba akanisukumia. "Andika wewe, macho yangu hayaoni hizi herufi ndogo."

Nikaandika: "Gari hulala ndani ya stoo ya mahindi. Mimi ndiye niliyeliweka humo. Panya wametafuna waya chini ya kifuniko cha injini. Nimeona kwa macho yangu. Hakuna fundi aliyeunga kitu."

Mwenye gari ndiye anayetia sahihi, kwa hiyo nikampa. Alivaa miwani. Aliisoma kama alivyokuwa akisoma insha, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho akarudi juu akaisoma tena.

"Kwa hivyo gari haina makosa," akasema.

"Haina, baba."

"Na hili ulilijua tangu lini?"

"Jumanne."

Akatia sahihi. "Umeandika vizuri. Lakini mimi ndiye ungeniambia kwanza, mama, kabla ya karatasi."

Kisha akatoa simu akampigia Simiyu pale pale mapokezini. "Mwambie mtu wako asije. Siuzi. Ni panya."

Waranti haikulipa, na haikupaswa kulipa. Baba aligharamia waya mpya. Waranti iliyobaki ipo vile vile, kwa sababu hatukuunga wala kuficha kitu. Jumatatu nilimpeleka mama Bungoma, akamaliza saa zake zote.

Nilichojifunza: kabla ya kumlaumu Mkorea, fungua boneti uangalie. Soma waranti mpaka ukurasa wa mambo isiyoyalipia, maana huo mimi niliupita haraka nikimsomea baba. Na kama kosa ni lako, liseme mapema. Siku zile tatu nilimwacha mzee akijiona mjinga mbele ya ndugu yake, na hizo sitaweza kuzirudisha.

Wenye magari ya Kikorea, hasa mnaokaa karibu na mahindi, nyinyi mnafanyaje na panya? Na kuna yeyote ambaye waranti ilimlipia kweli? Naombeni uzoefu wenu. Hata wa kunisema, semeni.