Shangazi wa Kwenye Kopo

Hadi leo nikinusa vanila narudi nyumbani kwetu karibu na Mwandoya, miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, pamba imeanikwa uani na ng'ombe wanakohoa zizini. Harufu hiyo ilitoka kwenye kopo la unga wa chapati tulilopewa na mtawa mmoja wa Kimarekani. Unga wenyewe tuliumaliza upesi, mwingine tukiulamba mbichi, msinicheke. Likabaki kopo, na ubavuni mwake picha ya mama mweusi mnene, kilemba kichwani, akitabasamu kama anayetufahamu wote.

Baba, aliyejua Kiingereza kidogo, alisoma kwamba mama huyo anaitwa Shangazi. Bibi alifurahi kupita kiasi. Mtu mweusi ana unga wake mwenyewe huko Marekani, tena anajitambulisha kwa cheo cha ukoo! Kwetu Usukumani shangazi, sengi, si mtu mdogo.

Mwaka huo dada yangu Minza alikuwa anaolewa, na baba hakuwa na dada. Minza alishinda akilia. Nani angemketisha na kumuusia, ukweni wasije wakasema ametoka kwa watu wasio na watu? Bibi hakubishana naye. Siku ya kuusiwa alitandika kanga kwenye kigoda, akalikalisha kopo.

"Mwadila, sengi," alilisalimia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanao ndiye huyu."

Kisha akasema maneno yote ya shangazi kwa niaba yake. Minza akacheka, machozi yangali shavuni. Nami naapa nilimwona yule mama akiitikia kwa kichwa.

Yule mama wa kopo nilikuja kumkuta tena nikiwa chuoni Dar es Salaam, katika kitabu cha matangazo ya zamani ya vyakula vya Marekani. Unga haukuwa wake. Wenye unga walimchora kama mtumishi wa jikoni kwa Wazungu, anayefurahia kutumwa, na maneno yake wakayapotoa makusudi ili achekwe. Hata huo ushangazi ulikuwa njia ya kumnyima heshima: mwanamke wa Kizungu aliitwa Bibi fulani, mweusi akaitwa shangazi tu, hata na wasio ndugu zake. Nilikasirika, nikakifunga kitabu.

Likizo nilimweleza Minza, akichambua mlenda. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo mama waliyemchora, jina lake nani?"

"Hawakuandika, dada."

Minza aliacha mboga, akajifunika kanga usoni, akalia kwa sauti, kilio kile cha msibani, akimwita sengi wake. Nikaketi chini kando yake. Miaka yote nilidhani tumepata shangazi. Kumbe tulikuwa tumefiwa.