Mgeni Mkavu Katika Ukungu wa Mjimwema

Ulikuwa ule mwaka wa kunywa tangawizi na malimau mpaka midomo ikachubuka. Tangawizi iliingia kwenye chai, ikaingia kwenye uji, ikafika hata kwenye maharage, na hakuna aliyelalamika. Sasa umeujua mwaka. Haya nitakayosema niliyaona kwa macho haya haya, mchana, akili zangu zikiwa timamu. Ukitaka kucheka, cheka kwanza, mimi nakusubiri.

Mjukuu wangu Edina ni mtumishi wa serikali huko Makambako. Nilimsomesha mimi kwa kulima viazi, mimi ambaye shule niliichungulia tu nikarudi shambani. Naringa, ndiyo. Kwa nini nisiringe? Corona ilipokolea, ofisini kwao wakaambiwa wenye mimba na wagonjwa wa kifua wafanyie kazi nyumbani. Edina alikuwa na mimba kubwa, na za mwanzo zote zilikuwa zimeharibika. Akaja kwangu Mjimwema, hapa Njombe, kompyuta ya serikali ameifunga kwenye kitenge kama mtoto.

Basi serikali ikahamia sebuleni kwangu! Meza tuliiweka kati ya magunia ya viazi, na kuku nikawafukuza mbali saa za kikao. Siku moja nikampelekea uji, kumbe wakubwa wote wananiona kwenye kompyuta. "Shikamoo bibi!" Nikawajibu, "Marahaba. Na nyie mmekula, au mnakaa kuongea tu?" Edina alitamani ardhi ipasuke immeze.

Sharti lake kwangu lilikuwa moja: nisimpe mtu mkono. Kwetu Wabena, kumsalimu mtu bila mkono ni kama kumtukana. Nilikubali shingo upande, kwa ajili ya tumbo lile.

Alasiri moja ukungu ukashuka mzito, hata choo cha uani hakionekani. Edina yuko ndani kikaoni, mimi niko barazani namenya viazi. Nikasikia salamu ya Kibena, "Kamwene, bibi." Mwanamume amesimama mbele yangu, kavaa suti na tai, viatu vinang'aa. Mbwa wangu, anayembwekea hata mchungaji, alikuwa amejibana chini ya kiti.

"Kamwene, baba. Unatoka wapi?"

"Makambako, ofisini. Nimemfuata Edina. Tunakaa meza moja, na leo niko peke yangu. Kule kuna baridi, bibi."

Akanyoosha mkono. Niamini, mkono wangu ulianza kuinuka wenyewe, maana adabu ni mazoea. Ndipo nikamtazama nywele. Wewe unayeijua Njombe, nani anapita kwenye ukungu ule asilowe? Sisi hufika nyusi zinachuruzika. Yule alikuwa mkavu kama hindi la mbegu lililoning'inia juu ya moshi. Hata tope viatuni hakuna.

Papo hapo nikasikia sauti ya mkubwa wao ikitoka kwenye kompyuta: mwenzao mmoja amefariki alfajiri ile. Akamtaja jina. Edina akapiga yowe, "Jamani! Si ndiye ninayekaa naye meza moja!"

Mgeni naye alisikia. Uso wake ukawa kama wa mtoto aliyesahauliwa shuleni. Lakini mkono hakuushusha, na akasogea kuelekea mlangoni.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilisimama nikaziba mlango, kisu cha viazi mkononi. Nikamwambia, "Mkono sitoi, na ndani huingii." Kisha nikamwonea huruma, maana naye alikuwa mtoto wa mtu. "Kazi umemaliza, baba. Nenda ukapumzike. Hakuna atakayekuita tena."

Akanitazama. Akailegeza tai, kama mtu anayetoka kazini jioni, akageuka. Ukungu ukamchukua.

Edina alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Siku hizi anawakimbiza kuku wangu mpaka wanaacha kutaga. Mkono wangu wa kulia, ule ulioanza kuinuka, siku za ukungu unapoa hata nikiuweka jikoni. Na upoe! Kiganja cha baridi kwa mtoto mzima, nani angekataa?

Nawe unayesoma, mgeni akija na ukungu mpokee, hatukulelewa kufukuza watu. Lakini mtazame nywele kwanza. Ukimkuta mkavu, usimtukane, wala usikimbie ukaacha mlango wazi. Simama hapo hapo umwambie: "Mkono sitoi, na ndani huingii."