Mtelezeshe Mpaka Chini

Mama Bijou wa kanisani kwetu alikuja siku moja na mikate miwili na uso wa msiba. Alikaa kitandani, maana chumba chetu hapa Berea, Johannesburg, hakina nafasi ya viti, akamshika mke wangu mkono.

"Dada Pascasie, nimesikia. Usinifiche. Mtoto ameteleza?"

"Anateleza," mke wangu akajibu. "Tena kila Jumamosi."

"Kila Jumamosi! Na ninyi wazazi mnajua?"

"Baba yake ndiye anayempeleka."

Mama Bijou akauachia ule mkono. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyeuza watoto wake. Pascasie alicheka mpaka akalala ubavu, ikabidi mimi nieleze. Nikamwambia kwamba ninalinda lango la ukumbi mmoja kule Randburg, na ndani yake kuna zulia kubwa lililoinama kama paa la nyumba. Zulia hilo linazungushwa na mashine na kunyunyiziwa maji. Watu wanafunga skii miguuni, zile mbao ndefu nyembamba, wanajifunza juu yake kabla ya kwenda kwenye theluji ya kweli milimani Lesotho. Zulia linapanda, mtu anashuka, na wote wawili wanabaki palepale. Binti yetu Gaëlle alikuwa akinifuata kazini wakati wa likizo tangu yuko shule ya msingi. Kocha alimwona akijaribu buti za kukodisha, akampandisha, na tangu siku hiyo hakushuka. Sasa alikuwa anashindana.

"Kumbe ni kuteleza kwa miguu," akasema Mama Bijou. "Mngesema mapema nisingenunua mikate."

Mikate tuliila pamoja naye, na chai.

Lakini kosa lake lilikuwa la kanisa zima. Kwetu sisi, kuteleza ni kuanguka dhambini, na tumezoea kuombeana miguu isiteleze. Kila Gaëlle alipokaribia mashindano, ndugu walimwekea mikono wakaomba hivyohivyo, naye alinifinya. "Papa, wananiombea nishindwe."

Mama yake ndiye aliyetafuta maneno yanayofaa. Asubuhi ya mashindano alisimama naye mlangoni, akaweka kiganja juu ya kichwa chake, akasema, "Bwana, mtelezeshe mpaka chini, na chini umpokee." Ni hayo tu. Gaëlle amezaliwa hapa. Kiswahili alikisikia vizuri lakini alitujibu kwa Kiingereza na Kizulu. Hata hivyo, mama yake alipomaliza, alijibu "Amina" ya kwetu kabisa.

Januari Pascasie alitutoka. Moyo wake ulikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, naye aliuficha kwa kicheko. Tulimzika hapa Johannesburg, mbali na kwao Rumonge. Wanaume walipoanza kulegeza mikanda iliyoshikilia jeneza, nalo likashuka polepole, watu wakiimba, nilimsikia binti yangu pembeni yangu akisema kwa sauti ndogo: "Bwana, mtelezeshe mpaka chini, na chini umpokee."

Baada ya siku ile sikuweza tena kuyatamka maneno hayo. Naye sikumsikia akiyataja. Ila tangu mama yake aondoke, ananijibu kwa Kiswahili. Kinavunjikavunjika, lakini haninyimi neno.

Aprili timu ya ukumbini ikaanza mazoezi ya kujiandaa, maana theluji ya Lesotho huanza majira ya baridi, mwezi wa Juni. Gaëlle alifanya mazoezi kama mtu anayekimbia nyumba yenye moto. Jumamosi moja nilikuwa langoni, nikasikia ngurumo ya mashine imekatika ghafla. Nikaacha lango wazi, nikakimbia.

Alikuwa amelala juu ya zulia lililolowa. Skii moja ilikuwa imefunguka. Nyingine ilikataa kuachia buti, ikalipinda goti lake. Kocha, mama mmoja Mzungu wa Kiafrikaner mwenye mikono mikubwa, alikuwa amepiga magoti kando yake. Gaëlle hakulia. Aliponiona alisema haraka, "Papa, usimwambie Mama."

Kisha akakumbuka. Mimi pia. Nikakaa pale kwenye maji, nikamshika kichwa.

Daktari alisema kano ya upande wa ndani wa goti imechanika, lakini si yote. Hakuna kupasuliwa. Avae kifunga goti chenye vyuma pembeni, afanye mazoezi, na goti likitii anaweza kuwahi msimu. Basi chumba chetu kikawa ukumbi. Alikandamiza taulo kwa goti mpaka jasho likamtoka. Alishika kitasa cha mlango akichuchumaa na kuinuka, nami nilikuwa nje ya mlango nikiuzuia usifunguke, majirani wakiuliza kama nimefukuzwa na mwanangu.

Ndugu wa kanisani walikuja kumwombea. Mama Bijou aliongoza, akaomba kwa nguvu mpaka dirisha likaota ukungu. "Bwana, mguu huu usiteleze tena! Leo usiteleze, kesho usiteleze, milele usi..."

"Msiseme Amina!" Gaëlle akapaza sauti.

Watu wakafumbua macho.

"Samahani, Mama Bijou. Mimi nataka kuteleza."

"Eish, mtoto huyu! Basi mwambie Bwana mwenyewe, mimi Kiswahili changu kimeishia hapo."

Walicheka, naye Mama Bijou akacheka zaidi yao. Gaëlle akanigeukia. "Papa anayajua maneno."

Kila mtu akaningoja. Nilifungua kinywa, nikaona ile mikanda ya jeneza inalegezwa. Nikasema chai inapoa.

Katikati ya Juni mtaalamu wa viungo alisema goti limepona. Kocha alikuwa amemwekea nafasi kwenye gari la Lesotho, lakini alitaka kumwona kwanza akiteleza. Gaëlle akapanda juu ya zulia, akashika bomba la kushikia, mashine ikaanza taratibu. Hakuliachia bomba. Wakazima, wakawasha tena. Vidole vyake havikufunguka.

"Goti ni zima," kocha akamwambia kwa upole.

"Goti ni zima," akajibu. "Ni mimi nisiye mzima."

Kocha akampa mpaka Jumamosi, maana baada ya hapo gari lingeondoka. Jioni ile, akimenya viazi, Gaëlle aliniambia bila kuinua macho, "Papa, zamani nilipoachia bomba nilijua kuna mtu chini ameshaambiwa anipokee. Sasa nani amemwambia?"

Nilichukua kisu kingine, tukamenya wote.

Jumamosi nilimwomba mlinzi mwenzangu, Nkabinde, anishikie lango. Nikaingia, nikasimama chini ya zulia, mahali ambapo sikuwahi kusimama, karibu na kioo kikubwa wanachojitazamia. Gaëlle alikuwa juu, ameshika bomba. Akaniona.

"Papa. Sema."

Nikavua kofia. "Bwana," nikasema, "mtelezeshe..."

Niliona udongo mwekundu wa Januari. Mashine ilinguruma, maji yakidondoka. Kocha alikuwa ameweka kidole kwenye kitufe cha kuongeza mwendo, lakini hakuharakisha mtu.

"Mpaka chini," Gaëlle akanisaidia kutoka juu.

"Mpaka chini," nikasema. Nikamwona Pascasie mlangoni kwetu na kiganja chake, si yule wa makaburini. Aliyasema maneno haya kwa ajili ya mtoto anayeenda kucheza. Alitaka aende, na arudi na njaa. "Mtelezeshe mpaka chini, Bwana, na chini umpokee."

"Amina," akasema binti yangu.

"Amen," akasema Nkabinde kutoka mlangoni, ambaye hajui Kiswahili hata kidogo, na ambaye alipaswa kuwa langoni.

Mkono wa Gaëlle ukafunguka, ukaliachia bomba. Skii zikakata kushoto, zikakata kulia, maji yakaruka. Zulia likapanda, mwanangu akashuka, na wote wawili wakabaki palepale, mbele ya macho yangu.